Kwa nini wakusanyaji wa vioo vya kale Nairobi hujuana haraka kuliko wa sarafu?

#1 Bilauri ya Ngara
Salaam, wanajukwaa. Kabla ya kuhamia kwenye vioo vya kale, yaani vyombo vya kioo kama bakuli, bilauri na chupa, niliwahi kukusanya sarafu, nazo hazikunipa hata rafiki mmoja. Nilikuwa na kitabu cha orodha, nikitazama mwaka na alama, nikilinganisha na bei, basi. Vioo vimenitendea vingine kabisa. Bakuli moja la kijani nililolinunua soko la Toi, likiwa limechanganywa na sahani za plastiki, lilinifikisha kwa fundi wa taa Kamukunji. Fundi huyo akanipeleka kwa mama mmoja wa Pangani anayejua vioo vya Bohemia (eneo la Ucheki ya leo) kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Na mama huyo akanielekeza kwa mwalimu wa kemia ambaye sasa tunapigiana simu kila mmoja wetu anapopata kitu.

Dai langu ni kwamba kioo cha kale hakimaliziki kwa macho ya mtu mmoja. Mara nyingi hakina tarehe wala jina la aliyekitengeneza, na vitabu vinavyokihusu ni adimu madukani hapa, kwa hiyo mwenye kioo hulazimika kumtafuta mwenzake, naye mwenzake humtafuta mwingine. Je, nanyi mmeona hivyo, au nimebahatika tu kukutana na wakarimu?

#2 Sarafu Tatu
Karibu tena kwetu utakapochoka kununua vitu vinavyovunjika. Wa sarafu tunajuana, ila hatupigi kelele. Tofauti ni ya pesa, haihusu ujuzi. Shilingi ya Afrika Mashariki ya 1921 ina mwaka wake usoni, na ikiwa safi ina mnunuzi anayeingoja. Nikikueleza ninachokijua kabla hujanunua, nimejinyang'anya mwenyewe. Bakuli lako la kijani nani anakugombania? Watu hugawa bure ujuzi wa vitu visivyo na bei. Siku vioo vitakapopata wanunuzi wengi mjini humu, mtamsikia huyo mama wa Pangani akinyamaza.

#3 Kabati la Mama
Mama wa Pangani ni mimi, na sinyamazi.

Ndugu Sarafu Tatu, sababu yako inaishia sokoni, na vioo vizuri vya mji huu havimo sokoni. Vimo kwenye makabati ya sebuleni yaliyofungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo ni mama au nyanya. Bilauri za harusi, mirashi ya kunyunyizia wageni marashi, bakuli la kuwekea halua siku ya Idi: havionyeshwi mtu aliyesimama mlangoni. Kwanza utaketi, utapewa chai, utaulizwa kwenu ni wapi na wewe ni mtoto wa nani. Ukishajulikana ndipo kabati litafunguliwa, pengine siku hiyo, pengine utakaporudi na mkate. Kwa hiyo mwanangu Bilauri amelipindua jambo. Watu walimkubali kwanza, kisha wakamwonyesha vioo. Nawajua wanaume wenye fedha na vitabu ambao hawajaona hata kimoja cha vilivyomo Pangani, kwa sababu walianza kwa kuuliza bei.

#4 Fundi Karabai
Naomba nami nihesabiwe, maana kijana huyu alipita kwangu kabla ya kufika kwa mama. Mnaongea kana kwamba watu hukutana wenyewe. Natengeneza karabai na kandili, na anayekuja kutafuta chimni ya taa ya babu yake huniachia nambari ya simu, kwa kuwa chimni ya zamani haipatikani siku hiyohiyo. Wasumbufu kuliko wote ni wenye taa zilizokuwa na chimni iliyoandikwa Jena: wanataka ileile, kile kioo cha kustahimili moto kilichotokana na kazi ya Otto Schott, ambaye kiwanda chake katika mji huo wa Ujerumani kilianzishwa 1884, na chimni mpya hawaitaki hata ukiwapa bure. Sasa huyu ana taa isiyo na chimni, yule ana chimni isiyo na taa. Nikiwaunganisha wote wawili hubaki wateja wangu. Mwulizeni mkusanyaji yeyote alivyomjua mwenzake. Katikati yao mtamkuta fundi au mchuuzi.

#5 Mwalimu Mstaafu
Asanteni. Kwa kuwa bakuli la Bilauri limetajwa, nilieleze kwa wasioliona. Ni kioo cha urani, yaani kilichotiwa kiasi kidogo cha oksidi ya urani ili kipate rangi ya manjano au ya kijani. Franz Xaver Riedel wa Bohemia ndiye aliyevipa umaarufu vioo vya namna hii kuanzia miaka ya 1830. Ukikiangaza gizani kwa mwanga wa urujuanimno, kioo kizima hutoa kijani kikali, kwa sababu urani hufyonza mwanga usioonekana na kuutoa tena katika rangi inayoonekana. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia urani ilihodhiwa na serikali, na viwanda vya Marekani viliruhusiwa kuitumia tena 1958, kwa hiyo kung'aa peke yake hakuthibitishi kwamba kitu ni cha karne ya 19. Kulishika bakuli hilo au kuliweka kabatini hakuna madhara. Kulitumia kwa uji kila asubuhi sishauri.

Jihadharini pia na manganisi. Wenye viwanda waliitia ili kuondoa ukijani unaoletwa na chuma kilichomo kwenye mchanga, nayo hutoa kijani hafifu tochi ikisogezwa karibu sana. Kioo hichohicho kikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau.

Kuhusu swali lenyewe, naona sababu ni kipimo. Kioo chenye madini ya risasi, ambacho George Ravenscroft alipata hataza yake (haki ya mvumbuzi) Uingereza 1674, hutambulika kwa uzito na kwa mlio mrefu unapokigonga kwa ukucha. Uzito na mlio havipiti kwenye picha ya simu. Mwenye sarafu anaweza kutuma picha mbili akajibiwa. Mwenye bilauri hana budi kupanda matatu na kuipeleka kwa anayejua. Wakishafika ana kwa ana, mazungumzo huendelea.

#6 Kijana wa Toi
Heshima kwenu wakubwa. Mwalimu asidhani tochi hiyo ni ya maabara. Ni ileile ambayo wenye maduka na mawakala wa M-Pesa hukagulia noti bandia, na Luthuli Avenue utaipata bila shida. Tangu wakusanyaji waanze kuja sokoni wakijifunika koti juu ya meza ya vyombo ili wapate giza, wauzaji nasi tumenunua zetu, na kinachong'aa huwekwa kando kabla hamjafika. Namuunga mkono Fundi kwa jambo moja: mteja anayeniambia ukweli wa kitu baada ya kukinunua ndiye ninayempigia simu wa kwanza mzigo ukifunguliwa. Yule anayejifanya anatafuta bakuli la maji ya mbwa, nami namuuzia kwa bei ya mbwa wa tajiri.

#7 Chupa na Udongo
Mnazungumzia makabati na masoko mkasahau mashimo. Katika mitaa kama Parklands na Ngara nyumba za zamani zenye bustani zinabomolewa ili kujengwa ghorofa, na shimo la msingi hupita katikati ya jalala lililokuwa nyuma ya jikoni. Watu nilioletewa na kioo ni vibarua, walinzi wa usiku na msimamizi mmoja wa ujenzi ambaye sasa hawezi kupita penye udongo uliochimbwa bila kuinama. Wala hawajiiti wakusanyaji.

Kwa njia hiyo nilipata huko Parklands chupa ya gololi, ile aliyoipatia hataza Hiram Codd wa London 1872. Kwa wasioijua: shingoni mwake mna gololi ya kioo na ringi ya mpira. Ilijazwa ikiwa imepinduliwa, na gesi ya soda ikaisukuma gololi kwenye mpira hadi ikaziba yenyewe. Mnywaji aliibonyeza gololi ndani, ikanasa penye kibonyeo cha shingo, soda ikatoka. Watoto walizivunja ili wapate gololi, ndiyo maana nzima ni chache. Yangu ni nzima. Reli ilifika hapa 1899, na bazaar ya kwanza ikachomwa moto 1902 kwa sababu ya tauni. Katika shimo hilohilo nimepata donge la kioo kilichoyeyuka. Naamini nina masalio ya bazaar ile.

#8 Mjukuu wa Duka
Kaka Chupa na Udongo, bazaar iliyochomwa ilikuwa mjini, si Parklands. Labda useme kwamba kifusi kilisombwa, lakini hapo utahitaji shahidi mwingine zaidi ya donge.

Chupa yenyewe nayo isikutie haraka. Uingereza iliziacha, lakini Bara Hindi soda ya gololi inauzwa hadi leo, na Wajapani wana Ramune yao. Majirani wengi wa Parklands wana asili ya Bara Hindi. Chupa yako inaweza kuwa ya enzi za reli, inaweza kuwa ya miaka ya 1950, inaweza pia kuwa ilikuja na mjomba ndani ya sanduku la nguo. Tazama kitako: kuna herufi au jina la kiwanda?

Nasema hivyo kwa kuwa lilitupata sisi. Dukani kwa babu, Biashara Street, kulikuwa na chombo cha maua kilichometa rangi za upinde wa mvua, na kila mtu alisema ni cha Marekani, ambako kampuni ya Fenton ilianza kuuza vioo vya aina hiyo 1907. Mteja mmoja aliyeingia kununua kitambaa alikitazama muda mrefu kuliko kitambaa, akasema kilitoka Firozabad, mji wa bangili huko India, ambako navyo vilitengenezwa. Alikuwa sahihi, na hadi leo tunatembeleana. Hakuna aliyemtafuta mwenzake hapo, Bilauri. Kitu kilikuwa juu ya rafu na mtu akapita. Wakati mwingine ni bahati tu.

#9 Mshono wa Shingo
Kabla ya kuuliza kitako, uliza mshono. Kioo kilichopulizwa ndani ya kalibu hubaki na mstari pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Mstari ukikoma chini ya mdomo, mdomo ulimaliziwa kwa mkono. Ukipanda hadi juu kabisa, chupa ni ya mashine, na mashine ya kwanza iliyotengeneza chupa yenyewe bila mpulizaji ni ya Michael Owens wa Marekani, 1903. Ikiwa mdomo umetengenezwa kwa ajili ya kizibo cha bati chenye meno, basi haitangulii 1892, mwaka ambao William Painter alipata hataza ya kizibo hicho. Na ikiwa chini pana kovu la fito, yaani chuma kilichoshikilia kitako mpulizaji akimalizia mdomo, hiyo ni ya kale kweli.

#10 Mpuliza Moto
Hapo mwisho sikubaliani. Kovu la fito halina umri. Mimi hupuliza kioo kwa mkono, na kila ninachokitoa kwenye fito hubaki na kovu nisipolisugua, hata kama nimekitengeneza wiki hii. Nendeni Kitengela Glass, pembeni ya Mbuga ya Nairobi, mtaona vyombo vinavyopulizwa kutokana na vioo vya kuyeyushwa upya, vina mapovu na makovu, na havidanganyi mtu kwa kuwa vinauzwa kama vipya. Shida huanza vinapozeeka kwenye kabati la mtu, vikauzwa tena mwenyewe akihama nchi, na mnunuzi akasoma kwamba mapovu ni dalili ya ukale. Mapovu ni dalili ya tanuri lisilotulia.

Nashangaa kwamba katika uzi mzima hakuna aliyetaja waliokuja kumwuliza mtengenezaji. Wanaokuja kwetu huja na kipande kilichovunjika, si kizima, kwa sababu mtu hupeleka kizima kwa mnunuzi na kilichovunjika kwa fundi. Kwenye ukingo uliovunjika ndipo naweza kuonyesha tabaka za rangi. Nadhani ndiyo sababu nyingine mnayoitafuta: kioo huvunjika, na mwenye hasara hutafuta mtu.

#11 Wakili wa Jioni
Naingilia kwa ufupi, hasa kwa ajili ya wachimbaji. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Kitu cha namna hiyo hakisafirishwi nje bila kibali, na anayekivumbua anatakiwa kutoa taarifa. Chupa iliyoletwa na reli 1899 haimo kwa kipimo hicho. Chupa iliyopanda kutoka Mombasa ikiwa tayari imekaa pwani miaka mingi inaweza kuwemo. Kabla hujamtumia rafiki yako wa ng'ambo, uliza kwanza.

#12 Chupa na Udongo
Kwa hiyo Mjukuu wa Duka anataka chupa yangu iwe changa, na Wakili anaogopa isije ikawa mzee kupita kiasi. Nami nibaki katikati, na 1899 yangu. Kuhusu donge, nani atanieleza kilichoiyeyusha chupa, ikiwa bazaar imenyimwa Parklands?

#13 Mwalimu Mstaafu
Moto wa takataka. Kioo cha kawaida cha magadi na chokaa huanza kulainika karibu nyuzi 700 za Selsiasi, na jalala lenye makaa lililoachwa liwake usiku kucha laweza kufika huko. Sikatai bazaar, nasema donge haliwezi kuchagua kati ya mioto miwili.

#14 Mpwani Mjini
Mmesahau ushanga, na ndio kioo cha kale kuliko vyote mlivyovitaja. Magofu ya Gedi, ambayo James Kirkman alianza kuyachimba 1948, yalitoa shanga za kioo zilizovuka bahari karne nyingi kabla ya chupa zenu. Huko nimejifunza kwamba wajuzi wenyewe hawaulizani maswali yaleyale. Mtafiti wa shanga hupima kemikali ili ajue kioo kiliyeyushwa upande gani wa Bahari ya Hindi, kwa mfano kile chenye alumini nyingi cha Asia Kusini. Ukimwekea chupa ya soda mbele yake atakutazama kwa huruma. Mpuliza Moto anajua mkono ulivyofanya kazi. Mama anajua chombo kilitumiwaje na nani. Mwalimu anajua kilichomo.

Namrudia Sarafu Tatu: hoja yako ya bei haisimami kwenye ushanga. Ushanga wa zamani una bei, na una walaghai, na bado wapenzi wake hutafutana usiku na mchana, pengine kwa sababu hiyohiyo ya ulaghai. Mtu akiogopa kudanganywa humtafuta mwenzake kabla ya kulipa. Na usidharau makumbusho, Bilauri. Kwenye Makumbusho ya Fort Jesus nilielekezwa kwa upole na kwa kirefu, bila kuulizwa mimi ni nani.

#15 Kabati la Mama
Hawakukuuliza kwa sababu walikusikia ukizungumza, Mpwani. Lafudhi yako ni utambulisho tosha.

#16 Sarafu Tatu
Nahesabu: hakuna tarehe, hakuna bei, makabati, mafundi, uzito, mashimo, bahati, kuvunjika, na sasa hofu ya kudanganywa. Sababu zote hizi kwa bakuli moja la Toi. Nashikilia yangu, na ushahidi ni Kijana wa Toi mwenyewe: mara tu tochi zilipofika sokoni, kitu kinachong'aa kikafichwa. Bei imeingia, ukarimu umetoka.

#17 Kijana wa Toi
Nimekificha mzee wangu, lakini nampigia nani simu? Wale wanaonieleza ukweli. Bei imenifanya nijuane na watu wengi zaidi, ila si wote.

#18 Bilauri ya Ngara
Nashukuru kwa michango. Sikutarajia kwamba walionipokea wangenibishia wote pamoja. Hoja ya Sarafu Tatu na ya Mama sioni zinavyoweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, lakini zote mbili nimeziona kwa macho. Napendekeza tukutane Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, Jeevanjee Gardens, kila mmoja aje na kitu kimoja asichokielewa, si kile anachojivunia. Chupa ya gololi na donge lake vije. Pendekezo langu ni kwamba siku hiyo pasiwe na kuuza wala kununua.

#19 Kijana wa Toi
Basi wauzaji tusije?

#20 Fundi Karabai
Wauzaji wakizuiwa, nami siji, na nambari zenu zote nimeziandika mimi.

#21 Kabati la Mama
Waje, ila mifuko ya pesa ibaki nyumbani. Na Jeevanjee hapana kivuli cha kutosha wala meza. Nani ataweka mrashi wa nyanya yake juu ya nyasi, watu wakipita? Tukutane ukumbini. Sijakubali bado kuleta kitu, mjue.

#22 Mshono wa Shingo
Tukiwa bado tunabishania mahali, naomba Chupa na Udongo aweke hapa picha ya kitako na ya shingo, mwanga ukitoka ubavuni ili mshono uonekane. Usiisugue kwa mchanga wala kuitia asidi. Iloweke kwenye maji ya kawaida, udongo utalegea wenyewe.

#23 Chupa na Udongo
Imelowa tangu jana. Kitakoni pana herufi tatu. Ya katikati ama ni G ama ni C, na mbili za pembeni bado zimezibwa na udongo. Mjukuu wa Duka, kiwanda gani cha Bara Hindi kiliandika herufi tatu, na je, cha Uingereza hakikufanya hivyo?